Kobe Mwenye Taa Mbili

Katika nyumba yetu hapa Leicester, mwenye kuota joto kuliko sote ni kobe. Mie nikisogeza tu mkono kwenye hita ya ukumbini, Mama Nasra hunikumbusha bili ya gesi na kunionesha sweta lilipo. Kobe hakumbushwi kitu. Ana taa ya joto, ana taa ya mionzi, na sasa nasikia anaagiziwa mashine ya kutoa mvuke.

Tumemrithi kwa bibi mmoja wa Kiingereza, jirani yetu, alipohamia nyumba ya wazee. Ni kobe wa madoa ya chui. Jamaa zake wamo nyikani Kenya na Tanzania, ila huyu kazaliwa Ulaya na vumbi la kwao hajalionja. Shida yake ni gamba. Badala ya kuwa mviringo mmoja, kila kigae kimefura na kusimama peke yake, utadhani sambusa zilizopangwa kwenye sinia.

Hapo ndipo nilipogundua kuwa kila Mswahili wa mji huu ni daktari wa kobe. Shemeji yangu alichungulia sandukuni, akakohoa, akatamka: "Protini hiyo, Baba Nasra. Kalishwa nyama huyu." Mwingine akasema kalisiamu. Mama yangu, kwa simu kutoka Unguja, aliuliza kama kuna mtoto aliyempanda mgongoni.

Ikabidi tumpeleke kwa daktari mwenye shahada, ambaye kabla hajamgusa mgonjwa alishanigusa mie mfukoni. Lakini nikiri, alijua kueleza. Gamba, alisema, ni mfupa: mbavu na uti wa mgongo vimeungana humo, na juu yake kuna vigae vya kitu kilekile kilichotengeneza kucha zetu. Kobe akikosa kalisiamu, au akikosa mionzi ya jua ya kumsaidia kuitumia, mfupa hulainika na gamba huweza kubonyea. Yule bibi, maskini, alikuwa akimuweka dirishani aote jua. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto, ila ile mionzi yenyewe anayoihitaji kobe hubaki nje. Na taa inayouzwa badala ya jua nayo ina hila zake: inaendelea kung'aa kama kawaida huku mionzi imeshafifia, kwa hiyo unanunua nyingine wakati ile ya zamani bado inawaka! Mie taa ya choo naibadilisha ikiungua.

Ama vile vilima, mkosaji mkubwa ni ukavu. Watafiti wa Vienna walilea vifaranga 50 wa kobe wa ukanda wa Sahel na kuchapisha matokeo mwaka 2003. Waliokulia kwenye hewa kavu ndio walioota vilima zaidi. Protini ilikuwa na mchango mdogo tu. Shemeji nimemsomea maneno hayo mara mbili, anasema Vienna hawajui kobe. Kifaranga porini hujificha chini ya majani na kwenye mashina ya nyasi, palipo na unyevu. Wetu alikulia chini ya taa, kwenye chumba chenye hita, hewa imekauka kama ya tanuri.

Sasa hapo mie nina neno. Hewa hiyohiyo ndiyo ninayovuta mie. Midomo imenipasuka, visigino vimechanika, nani kaniagizia mvuke? Kule Changuu, ng'ambo kidogo tu ya Mji Mkongwe, kuna kobe wakubwa ambao asili yao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Hawana mashine. Wana hewa ya Unguja, ile inayolowesha chumvi ndani ya kikopo, na hailipiwi.

Na baada ya gharama zote hizo, daktari akamalizia kwamba vilima vilivyokwisha kuota havirudi chini. Tunacholipia ni gamba jipya litakaloongezeka pembeni, angalau liote sawa. Kobe hukua polepole, na huyu anaweza kuishi miaka zaidi ya hamsini. Nasra ameshaambiwa kuwa ni urithi wake.

Chakula chake ni nyasi na magugu. Kila asubuhi nainama bustani ya umma kuchuma majani, wazungu na mbwa wao wananitazama. Nikirudi nakuta mgeni keshamtupia kipande cha chapati, eti kamuonea huruma.

Basi nyie mnaokuja kwangu Jumapili kula pilau, nawaomba sana. Mkate msimpe. Ndizi msimpe. Spinachi nayo muacheni, ina asidi inayoikamata kalisiamu tumboni. Mapenzi kwa kobe yakiwazidi, nichangieni umeme.