Wageni wa Saa Tisa Usiku

Wiki ya tatu tangu nimfungulie shangazi tovuti ya biriani zake za harusi, nilimpigia simu nikiwa nimevimba kichwa: "Shikamoo shangazi! Jana usiku pekee wamekuja wageni 400!" Akauliza, "Marahaba. Wameagiza sahani ngapi?"

Hawakuagiza hata kachumbari. Nilipochungulia kumbukumbu za seva, nikakuta wote wamepita picha za biriani bila kuzitupia jicho, wakanyoosha hadi wp-login.php, mlango wa uani wa tovuti za WordPress. Jina: admin. Nywila: 123456. Wakagoma kuondoka: admin na password, admin na jina la tovuti, na kuendelea. Zilikuwa roboti, hazimjui shangazi wala hazina kinyongo naye, zinajaribu kitasa cha kila nyumba mtaani. Admin wanaipenda kwa sababu hadi 2010 WordPress ilikuwa ikimbandika kila mwenye tovuti jina hilo bila kumuuliza. Mimi niliulizwa. Nikaandika admin.

Nikalifuta kwa aibu, nikatunga nywila ya herufi 24, nikaweka na plagini ya kuhesabu makosa: ukikosea mara tatu, anwani yako ya IP inafungiwa siku nzima. Nikalala fofofo.

Asubuhi shangazi akapiga. Tovuti inasema sahani ni shilingi 1,500. Sifuri moja nimeila mimi. Nikakimbilia kompyuta, herufi 24, vidole vinatetemeka, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimefungiwa. Nikamwomba binamu yangu aliye chumba cha pili ajaribu kwa simu yake, bando lake. Naye kafungiwa kabla hajaandika chochote! Kumbe sote tunatumia mtandao mmoja wa simu, na kampuni za simu huwapanga wateja kibao nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wenye geti moja, na mimi ndiye niliyegombana na mlinzi.

Ikabidi niingie kwenye paneli ya kampuni inayohifadhi tovuti, nikatafuta folda ya plagini, nikaibadilisha jina. Ikazimika papo hapo. Nikaingia, nikarudisha sifuri, nikampigia shangazi kwa furaha.

"Umechelewa, baba," akasema. "Kuna harusi mbili zimeshalipia. Bora wale wageni wako wa usiku, walibisha tu, hawakula."