Barua kutoka Tallinn: Jinsi Tasnifu ya Uzamili Inavyomalizika

Tasnifu ya uzamili ni andiko refu ambalo mwanafunzi huliandika ili kuthibitisha kwamba ada haikuliwa bure. Katika masomo ya usimamizi wa ubunifu na usalama wa kidijitali, andiko hilo hujibu maswali mawili: kitu kipya huwafikiaje watu, na mwizi hupenyaje nyuma yake. Huko nyumbani Afrika Mashariki hufahamika kama "hicho kikaratasi kilichobaki". Kwa hesabu za hapa Estonia, tasnifu ya krediti 30 ni kazi ya saa 780, kwa kuwa kila krediti ni saa 26. Hesabu hiyo haijumuishi muda wa kupokea simu zinazouliza, "Kwani bado tu?"

Estonia yenyewe ina watu wapatao milioni 1.3, takriban robo ya wakazi wa Dar es Salaam waliohesabiwa katika sensa ya 2022. Mwishoni mwa Aprili 2007, serikali ilipohamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn, tovuti za serikali, benki na magazeti zilishambuliwa kwa wiki kadhaa. Zilimiminiwa maombi ya uongo mpaka zikashindwa kuwahudumia wateja wa kweli. Mwezi uliotangulia tu, Safaricom ilikuwa imezindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikavuka mpaka kuingia Tanzania. Hivyo mwaka uleule wa 2007 Tallinn ilijifunza kwamba benki inaweza kuzibwa mlango na watu wasioonekana, na Nairobi ikajifunza kwamba hela ya mama kijijini haihitaji tena kupanda basi. Mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki huutia mwaka huo katika utangulizi wake, naye msimamizi hukosa la kupinga. Ni mara ya mwisho kukosa.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mada. Mada inayoletwa mwanzoni huwa "Mustakabali wa Usalama wa Kidijitali Barani Afrika". Msimamizi huirudisha akiuliza ni Afrika ipi. Inarudi ikiwa Tanzania, kisha Dar es Salaam, na mwishowe hubaki ujumbe mmoja wa simu: "Ile hela tuma kwenye namba hii."

Ujumbe huo unastahili uzamili. Aliyeutuma hakudukua kitu wala hahitaji kompyuta. Anautawanya kwa watu wengi akijua kwamba miongoni mwao hakosekani mmoja ambaye kweli alikuwa mbioni kutuma hela ya kodi, ya ada au ya mchango wa harusi. Wizi wote umebebwa na neno "ile". Tapeli hajui ni hela ipi; mpokeaji ndiye anayeijua, na ndiye anayemalizia sentensi kichwani mwake. Kumweleza msimamizi wa Kiestonia uzito wa "ile" huchukua kurasa mbili na kikao kimoja cha ana kwa ana.

Hatua ya pili ni mapitio ya maandiko. Hapa hukutwa Everett Rogers, ambaye kitabu chake cha 1962 kilieleza jinsi uvumbuzi unavyosambaa, na kikawagawa watu kuanzia wavumbuzi, asilimia 2.5, hadi wachelewaji, asilimia 16. Hukutwa pia Fred Davis, aliyeonyesha mwaka 1989 kwamba mtu huikubali teknolojia akiiona ina manufaa na haimpi shida kuitumia. Kwa kipimo cha Rogers, babu mwenye kitochi ni mchelewaji. Kwa kipimo cha usalama, babu huyohuyo hana programu ya kudukuliwa wala kiungo cha kubonyeza. Hata hivyo "ile hela" humfikia naye, kwani ujumbe mfupi haubagui simu.

Hatua ya tatu, ukusanyaji wa data, ndiyo iliyojaa mitego. Hojaji kuhusu hatari ya viungo visivyojulikana hutumwa kwa watu kwa njia ya kiungo kisichojulikana. Waangalifu hawakigusi. Wanaojibu ni wale tu wanaobonyeza kila kinachopita, na matokeo yakichorwa kwenye grafu, nchi nzima huonekana iko tayari kuibiwa. Kitaalamu hali hii huitwa upendeleo wa sampuli. Katika kundi la familia, mjomba huandika: "Namba ya kijana wetu imedukuliwa, msibonyeze!" Kesho yake alfajiri, mjomba huyohuyo huwatumia wote kiungo cha GB 50 za bure.

Uchambuzi huangukia Desemba. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kulipokucha, lakini Tallinn mwezi huo jua huchomoza saa tatu na ushei na kuzama saa tisa na ushei alasiri. Mwanafunzi hula chakula cha mchana, akiinua macho kumeshaingia usiku.

Msimu huo ndio kompyuta huchagua kufa. Serikali ya Estonia, kwa makubaliano ya 2017, huhifadhi nakala za data zake muhimu Luxembourg, ili hata nchi ikipatwa na balaa kumbukumbu zibaki. Mwanafunzi huandika sura nzima kuusifu mpango huo, na sura hiyo huihifadhi mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta iliyokufa. Rasimu inayosalia ni ile iliyo kwa msimamizi, yenye masahihisho mekundu mengi kuliko maandishi meusi. Kazi huanza upya kutokea kwenye lawama.

Utetezi hufanyika mwanzoni mwa Juni, jua likichomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa nne usiku. Jopo huuliza kwa nini mtu asipige simu kwanza kabla ya kutuma hela. Mwanafunzi hujibu kwamba muda wa maongezi hununuliwa, na kwamba kumpigia mwenye nyumba kumuuliza kama kweli ni yeye anayedai kodi ni kumkumbusha deni. Jopo hunukuu jibu hilo kwa makini.

Baada ya kufaulu, nyumbani husubiriwa kitabu cheusi chenye herufi za dhahabu, cha kukaa sebuleni kando ya runinga. Hakipo. Tasnifu ni faili, na sahihi huwekwa kwa kadi ya ukaazi na namba ya siri, ikiwa na nguvu sawa kisheria na sahihi ya wino. Mama huomba walau picha ya wino.

Hatua ya mwisho ni kulituma faili kwenye kundi la familia. Pendekezo kuu, katika ukurasa wa mwisho, ni kwamba mtu asifungue kitu alichotumiwa bila taarifa mpaka asikie sauti ya aliyekituma. Siku tatu hupita bila yeyote kulifungua. Siku ya nne shangazi hupiga simu.

"Kuna kitu kimekuja kwa jina lako. Ni wewe?"