Sifa za Sheria ya Mututho

Wakenya tumezoea kuzilaani sheria zetu, lakini ipo moja inayostahili kutungiwa utenzi: ile ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wanywaji waliibatiza jina la mbunge wa Naivasha aliyeipigania, John Mututho. Imeyaweza yaliyowashinda walimu na wahubiri: kumfundisha Mkenya kuheshimu saa. Siku za kazi baa ifunguliwe saa kumi na moja jioni, ifungwe saa tano usiku. Basi mtu asiyewahi kuwahi harusi wala mazishi utamkuta saa kumi na moja kasorobo mbele ya grili, mikono kifuani, akimlalamikia mhudumu kwamba saa ya ukutani imechelewa.

Wapo wanaodai haikupunguza ulevi. Hao hawakuisoma. Haikusema usinywe, ilisema subiri, na kiu iliyosubirishwa hukomaa. Ikikaribia saa tano, mnywaji huagiza tatu kwa mpigo na kuzipanga mezani kama askari wa gwaride. Semina gani imewahi kuleta bidii hiyo? Wengine wanasema imenenepesha rushwa. Lakini na ajira je? Saa tano ikigonga, mlango wa mbele hufungwa, muziki hushushwa, taa ya nje huzimwa, na kijana huwekwa kona kuchungulia gari la polisi. Mlango wa nyuma, uliokuwa wa kutolea takataka, sasa ndio unaopitisha waheshimiwa.

Pingamizi zito ni chang'aa. Ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikanyweka miaka 30 ndani ya marufuku hayo. Sheria hii ikaihalalisha kwa masharti: leseni, na chupa ya kioo isiyopungua mililita 250. Kinywaji kilichozoea kuchotwa kwa kikombe kwenye jerikeni kule Mathare kikaambiwa kivae suti. Mwenye shilingi chache mfukoni hakuimudu suti hiyo, akarudi kwenye jerikeni. Hapa hata msifu kigugumizi humshika. Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua watu wengi, wakiwemo wa Embu na Kitui, na wengine ikawapofusha. Hakuna mfiwa aliyeuliza iliuzwa saa ngapi. Tuisifu sheria, basi, kwa kutufundisha kusoma saa. Ila askari anayesimama mlangoni usiku apewe na kifaa cha kupimia kilichomo chupani.