Chupa ya Morgon na Mzee wa Baridi

Jumapili ile nilitaka kitu kimoja tu: kuku wa kuoka, chupa ya Morgon, na mke wangu ameketi mbele yangu. Tulikuwa tunatimiza miaka 12 ya ndoa. Wewe uliyeoa unajua mipango ya namna hii inaishia wapi nyumba ikiwa na mgeni.

Tunaishi Lyon. Morgon ni mvinyo wa vilima vya Beaujolais, kaskazini mwa mji, na zabibu yake ni gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru gamay ing'olewe katika himaya yake. Ikastawi huku Beaujolais, kusini mwa Bourgogne, kwenye udongo wa mawe ya itale. Kisa hiki nakipenda mno, na kila nikikianza mezani mke wangu hunisogezea mkate.

Mke wangu tunamwita Bi Kipimo. Mchele anaupima, chumvi anaipima, hata usingizi wa watoto anaupima. Asubuhi hiyo alipima hamu ya kaka yake aliyetoka Tanga, akaona imeelemea kwenye pilau. Kuku wangu akakatwakatwa, akaingia sufuriani na bizari na mdalasini. Sikupinga; pilau ya mke wangu haipingwi.

Nikamwambia mwanetu, Maswali, aiweke chupa kwenye friji nusu saa. Mvinyo huu unapendeza ukiwa na ubaridi kidogo, nyuzi 14 hivi. Ukiwa wa moto pombe inakupanda puani, ukiwa barafu harufu yake ya cheri inalala.

“Kwa nini nusu saa, baba? Kwa nini isiwe saa nzima?”

Mjomba wake akasikia. Huyu ndiye Mzee wa Baridi: embe analila likiwa gumu kutoka friza, chai anaisubiri mpaka ipoe kabisa. Pombe hanywi, lakini ana moyo wa kusaidia. Akaihamishia chupa kwenye friza bila kumwambia mtu, akaenda zake kulala.

Baada ya saa nyingi tulifungua friza. Mvinyo ukiganda hutanuka, na kizibo kilikuwa kimesukumwa nje, kimekaa juu ya kigingi cha barafu ya zambarau. Njegere zote za humo frizani zilikuwa nyekundu.

“Shemeji, nilitaka upate kitu cha baridi,” alisema, na macho yake yalinimaliza hasira.

Tuliiweka chupa kwenye beseni la maji mpaka barafu ikayeyuka. Ilibaki zaidi ya nusu. Chini ya glasi zilionekana chembe kama chumvi, na Maswali akauliza kama ni sumu. Hapana, mwanangu, ni asidi ya zabibu yenyewe iliyoganda, haina madhara.

Basi tukala. Harufu ilikuwa imepungua, kweli, lakini mvinyo na pilau vilipatana kama ndugu. Gamay ya huku kwa kawaida haipondwi mwanzoni: mashada mazima hutiwa kwenye pipa, na uchachukaji unaanzia ndani ya punje. Ndiyo maana tanini yake ni laini, hukuti ule ukavu unaobana ulimi kama umeuma ndizi mbichi. Pilipili huuchochea ukavu huo, kwa hiyo mvinyo mzito wa Bordeaux ungegombana na kachumbari yetu. Huu wetu haukugombana, na uchachu wake ulikata mafuta ya wali vizuri. Jirani zetu wa Lyon huunywa na soseji kavu, kuku wa kuoka au jibini ya mbuzi, nami nakubaliana nao kwa yote. Bi Kipimo aliongeza glasi ya pili bila kuipima.

Ukipata Morgon, ndugu yangu, pika pilau ya kuku. Chupa iweke kwenye friji nusu saa, na uiweke kwa mkono wako mwenyewe.