Jinsi ya Kushinda Ubishi wa Pikipiki na Gari

Kwanza agiza kahawa, kaa, usiseme kitu. Atajitokeza mtu kijiweni aseme pikipiki ni nyepesi, kwa hiyo gari halioni ndani. Mwache amalize, maana kwenye uzito ana hoja. Pikipiki ya mashindano ya MotoGP huruhusiwa kushuka hadi kilo 157, na injini yake ina nguvu za karibu farasi 300. Kabla ya kumpandisha mtu juu, kila kilo inasukumwa na nguvu nyingi kuliko kwenye gari la Formula 1. Mkubalie mapema, tena kwa moyo mweupe.

Halafu dai uwanja mmoja. Ukiruhusu pikipiki ya uwanja wa Mugello ipambanishwe na gari la uwanja wa Monaco, mtakesha. Chagua Austin, Texas, ambako zote hukimbia kwenye lami ile ile: kilomita 5.513, kona 20. Mwaka 2024 mpanda pikipiki Maverick Viñales wa Aprilia aliuzunguka kwa dakika 2 na sekunde 0.864, akapata nafasi ya kwanza ya kuanzia. Mwaka 2019 dereva wa Formula 1 Valtteri Bottas wa Mercedes aliumaliza kwa dakika 1 na sekunde 32.029. Taja hadi tarakimu ya mwisho, kisha piga funda la kahawa. Hizo ni zaidi ya sekunde 28.

Atakuuliza: “Na kwenye nyoofu?” Mpe haki yake. Mugello, mwaka 2023, mpanda pikipiki Brad Binder alipimwa kilomita 366.1 kwa saa. Kwa kasi ya mwisho pikipiki na gari haviachani sana. Shughuli iko kwenye kona.

Hapo usiharakishe. Weka kiganja mezani umwonyeshe: pikipiki ikilala, sehemu ya tairi inayogusa lami ni ndogo hivyo. Gari lina tairi nne pana, na mabawa yanayoufanya upepo ulikandamize chini. Kadiri linavyokimbia ndivyo linavyong’ang’ania. Pale Austin, kuanzia kona ya tatu hadi ya sita, njia inajipinda kama nyoka. Gari linapita kama liko relini. Pikipiki sharti ilazwe upande huu, inyanyuliwe, ilazwe upande wa pili, na kila mgeuko unakula muda. Breki nazo ni hivyo hivyo: mpanda pikipiki akizibana kupita kiasi, tairi la nyuma linapaa. Inambidi aanze kupunguza mwendo mapema, wakati mwenye gari bado amekanyaga mafuta.

Ukishashinda, lipa kahawa zote mbili, kisha umwonyeshe picha ya mpanda pikipiki akiwa katikati ya kona. Mimi picha hiyo siichoki. Pikipiki imelala zaidi ya nyuzi 60, goti liko chini, kiwiko nacho kinakwaruza lami. Kichwa kimetoka nje kabisa ya pikipiki, na macho hayaangalii tairi wala ardhi iliyo karibu na shavu lake. Yanatafuta mahali kona inapoishia.