Njia Ina Wenyewe

Mimi ni wa Bungoma kwa kuzaliwa na wa Kitale kwa kuoa, kwa hivyo nina haki ya kulalamika katika kaunti mbili.

Asiseme mtu kwamba sisi wa baiskeli hatujatengewa nafasi kando ya lami. Ipo, ila ina wenyewe. Kipande cha kwanza ni cha mama mboga na mafungu yake ya nyanya. Kinachofuata ni steji ya bodaboda, vijana wamejilaza juu ya tangi. Ukishapita rundo la mchanga wa mtu anayejenga, njia inatumbukia mtaroni bila hata kuaga. Sasa rudi barabarani ukabanane na lori la miwa, nawe una gunia la mahindi la kilo 90 kwenye keria na breki yako ni soli ya ndala.

Wa bodaboda ndio wanaonikera zaidi. Kazi yao ilizaliwa juu ya baiskeli, hapo tu Busia, miaka ya 1960, abiria akivushwa mpaka juu ya kijimto cha keria. Serikali ilipoondoa kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, watoto wakanunua injini na kutufukuza nyumbani.

Basi majirani tukaandika barua: tunataka njia isiyokatika, kutoka sokoni hadi shuleni. Ofisi ya kwanza ikasema barabara si yao. Ya pili ikasema lami ni yao, pembeni si kwao. Sheria ya Barabara ya 2007 ilizaa mamlaka tatu, Katiba ya 2010 ikaleta kaunti. Lami ina wazazi wanne na mtaro ni yatima.

Hatimaye tukaitwa kutoa maoni, maana Katiba inataka wananchi washirikishwe, na ushirikishwaji ni soda na mkate. Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu alieleza vizuri mno watoto wanavyoponea chupuchupu. Afisa akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza:

“Lakini mwalimu, na pensheni yote hiyo, kwa nini usinunue pikipiki?”

Ukumbi ukapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu ni wale wa steji.

Nilipotoka nikakuta gari la mgeni rasmi limepanda kijia chetu na kuibana baiskeli yangu ukutani. Dereva, nikaambiwa, ameenda kula samaki.