Sifa za Mheshimiwa wa Protini Kumi

Kumsifu simba ni rahisi: ana meno. Mimi nakisifu kirusi cha homa ya dengi, kisicho na mdomo, miguu wala tumbo. Kilipoitembelea Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, wenye miguu walilala kitandani wakiumwa viungo na nyuma ya macho.

Mali yote ya mheshimiwa huyu ni uzi mmoja wa RNA wenye herufi zipatazo 10,700, na humo zimeandikwa protini 10 tu. Zipo ofisi zenye wakurugenzi zaidi ya hao, na barua haijibiwi. Usafiri wake ni mbu aina ya Aedes, ambaye hung'ata mchana, saa za kazi, chandarua kikiwa kimekunjwa.

Lakini kinachonivutia hasa ni ustaarabu wake akishaingia ndani. Seli zetu zina walinzi wa kuzaliwa nao, RIG-I na MDA5, kazi yao kunusa RNA ngeni. Wakiinusa, seli hupiga mbiu ya interferoni na seli jirani hufunga milango. Mheshimiwa hagombani na mtu. Hukunjakunja utando wa ndani ya seli ukawa vijifuko, akanakili uzi wake humo faraghani. Protini yake NS5 huutia uzi huo, kwenye ncha ya mwanzo, alama ileile ya kikemia ambayo seli huziwekea RNA zake. Mlinzi akikagua, anaona mwenyeji.

Na mbiu ikishapigwa? NS5 hiyohiyo humkamata STAT2, tarishi apelekaye habari za interferoni kwenye kiini, na kumsukumia katika mtambo wa seli wa kusaga protini. Mtambo wetu, nishati yetu! Kisha kuna STING, anayeamshwa na DNA iliyopotea njia. Mheshimiwa hana DNA, ila fujo zake huvujisha ile ya mitokondria, basi humkata STING mapema asije akapiga kelele. STING wa panya hakatiki. Ni sababu mojawapo ya maabara kuwapunguzia panya kinga kwanza ndipo waugue sawasawa. Sisi hatuhitaji kupunguziwa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu akija, jiko lote hubadilika. Protini NS3 hukiita kimeng'enya cha kutengeneza mafuta hadi kando ya vijifuko, utando upate kuongezwa. Wakati huohuo seli hulazimishwa kula akiba yake ya matone ya mafuta na kuyachoma kwenye mitokondria, na glukosi nayo huagizwa kwa wingi kuliko kawaida. Mgeni anakaanga, anachoma, na bili anamwachia mwenye nyumba.

Wako wanne katika ukoo. Ukishamuugua mmoja, huyo hakurudii tena. Lakini akija nduguye, kingamwili ulizomtengenezea wa kwanza zaweza kumshika mkono na kumwingiza ndani ya seli kwa urahisi zaidi, ukaugua vibaya kuliko mwanzo.

Nasi tunamkabili kwa maji ya kunywa, mapumziko na parasetamoli, maana dawa ya kumfukuza bado hatuna. Aspirini imekatazwa: huzidisha hatari ya kutoka damu, yaani ingekuwa upande wake.